Mbele ya kutia mukono, gonga maneno kwanza



Mwenye amefanya kazi chini ya udongo anajua jambo moja. Mbele ya kuingia mahali kwenye wametoka kupiga baruti, unabeba chuma, unagonga dari. Jiwe likilia sawa kengele, ni zima. Likilia sawa ngoma, kuna nafasi nyuma yake, na hauingii hata kama shefu anasema «ingia tu, pale ni sawa». Hakuna mutu anakuita muasi juu umegonga dari. Njo kazi yenyewe.

Leo nataka tuzungumuze juu ya dari ingine: maneno. Maneno ya kominike yenye wanabandika ku mulango wa kampani, ya gazeti, ya radio, ya WhatsApp, ya mikutano. Ku sekondari walitufundisha neno la Kifaransa, «sophisme». Ni maneno yenye yanavaa nguo ya sababu, lakini mundani hakuna sababu. Mimi nitayaita mitego. Na mujue vizuri: mutego si lazima uwe bongo. Mutu anaweza kukuambia mambo ya kweli tupu, lakini akayapanga kwa namna yenye inakufikisha mahali yenyewe hayafiki.

Kuna wenye watasema: hii ni maneno ya bawanafunzi, sisi tunatafuta unga. Nitaonyesha kama mitego hii ilikula unga yetu mara mingi.

Neno lenye linajibu mbele ya swali

Tuanzie 2003. Mwaka ule, Gécamines iliendesha kazi yenye iliitwa «Opération départs volontaires». Feza ilitoka ku Banque mondiale. Wafanyakazi 10,655 walitoka. Wengi wao walikuwa hawajalipwa mushahara miezi mingi, wengine zaidi ya miaka 2. Mu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi karibu kila familia iko na mutu wake mu ile hesabu.

Angalia neno «volontaires», maana yake wenye kujitolea. Mutu hajalipwa zaidi ya mwaka, watoto wanafukuzwa ku masomo juu ya minervale, nyumbani wanakula mara moja kwa siku. Unamuletea bahasha na karatasi. Anatia mukono. Kiisha unaandika: alitaka yeye mwenyewe. Swali kubwa lilikuwa hili: huyu mutu alikuwa na njia ya kukataa? Lakini neno lilikwisha kujibu mbele swali halijaulizwa. Na wakati wengi wao walirudi miaka ya nyuma kudai yenye walihesabu kama deni yao, neno lile lile lilikuwa linawangojea ku mulango.

Mutego wa pili mu ile habari: njia mbili tu. Kamata bahasha, ao kampani inakufa na haupate kitu. Mutu akikuonyesha njia mbili, swali la kwanza ni: ya tatu iko wapi? Wangeweza kupanga kwanza malipo ya mishahara ya nyuma, mwezi kwa mwezi, kiisha kuuliza nani anataka kutoka. Labda ile njia ilikuwa nguvu, labda feza ilikosa. Lakini njia yenye haizungumuzwe haiwezi kupimwa.

Mutego wa tatu ulikuwa juu ya sababu. Walisema kampani ilianguka juu wafanyakazi ni wengi mno. Sawa, tuhesabu. Mu mwaka 1986 Gécamines ilitoa shaba karibu tani 476,000. Katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa chini ya tani 40,000. Mu ile miaka nini ilifanyika? Mu Septemba 1990 mine ya Kamoto ilianguka chini ya udongo. Mu 1991 kulikuwa pillage. Mashini zilikosa vipande, na Leta ilikuwa imezoea kuchota mu sanduku ya kampani bila kurudisha. Ni kweli kama mishahara ya maelfu ya watu ilikuwa muzigo muzito wakati shaba ilikosa. Lakini ule muzigo ulikuja nyuma ya kuanguka. Mwenye kuchanganya matokeo na sababu anakufanya ulipe kosa yenye haukufanya.

«Wataondoka bote»

Sasa tuende ku 2018. Leta ilitaka kugeuza Code minier ya 2002. Kodi yenye inaitwa redevance, ya shaba na kobalti, ilikuwa 2%. Sheria mupya iliipandisha mupaka 3.5%, na ikasema madini yenye Leta itaita ya «stratégique» italipa 10%. Kobalti iliingia mu ile ya 10%. Wakubwa wa makampani makubwa walisafiri mupaka Kinshasa kuonana na Rais, na tarehe 9 Machi 2018 sheria ikatiwa mukono.

Siku zile maneno yalikuwa mingi: mukipandisha kodi, wenye feza wataondoka, wakiondoka, mashini zinasimama, mashini zikisimama, muji unakufa. Ni sawa ngazi: ukikubali kukanyaga ya kwanza, wanakutelemusha mupaka chini bila kusimama. Ile mutego unaitambua hivi: kila hatua inasemwa kama vile ni lazima, na hakuna hata moja yenye inaonyeshwa.

Nini ilifanyika? Mu 2018 Kongo ilitoa shaba karibu tani milioni 1.2. Mu 2024 ilipita milioni 3. Kobalti nayo ilipanda, na leo zaidi ya 70% ya kobalti ya dunia inatoka hapa kwetu. Hawakuondoka bote. Ni kweli Mutanda ilisimama mwisho wa 2019, na mwenyewe aliweka kodi na gharama kati ya sababu zake. Lakini alisema pia bei ya kobalti ilianguka: mwanzo wa 2018 tani moja ilipita dola 90,000, na katikati ya 2019 ilikuwa chini ya 35,000. Na nyuma ya miaka 2 ile mine ilianza tena kutoa.

Simama hapa kidogo, juu mutego ungine uko upande wetu. Kuna wenzetu wanasema: «Munaona? Code njo ilileta shaba mingi!» Hapana. Kitu kikikuja nyuma ya kingine, haimaanishe kama cha kwanza njo kilizaa cha pili. Jogoo anawika, kiisha jua linatoka, lakini ukimuchinja jogoo jua litatoka tu. Shaba ilipanda juu dunia ilikuwa inaitafuta, na juu mine zenye zilianza kujengwa mbele ya 2018 zilianza kutoa. Kitu chenye tunaweza kusema bila kuruka ni hiki: ile kodi haikufukuza makampani, vile walitutisha. Hiyo inatosha. Haina haja ya kuongeza chumvi.

Nani anasema, ao nini inasemwa?

Mutego ungine ni wa zamani sana mu buloba yetu. Unauliza juu ya kitu, wanakujibu juu yako.

Mu Desemba 1941, wafanyakazi weusi wa Union Minière waliomba mushahara upandishwe, juu bei ya vitu ilipanda na vita ya dunia. Lilikuwa swali la hesabu: unga ni bei gani, na mutu analipwa ngapi? Wafanyakazi wazungu walikuwa wamekwisha kuonyesha mu ule mwaka kama kuomba kunawezekana. Lakini kwa mweusi, kuomba kwenyewe kulionekana kama uasi, na hakukuwa ruhusa ya kuwa na sendika. Ile ilikuja mu 1946. Tarehe 9 Desemba 1941, ku stade ya Élisabethville, askari walipiga masasi. Watu makumi walikufa, kati yao Léonard Mpoyi mwenye aliwasemea wenzake. Hesabu ya unga haikujibiwa ile siku.

Leo masasi hapana, lakini mutego ungali. Delege anauliza: «Feza ya kaski na bute iko wapi?» Wanajibu: «Ule ni mutu wa politike.» Labda ni kweli ni mutu wa politike. Lakini bute iko wapi? Mama anauliza juu ya mavumbi ya barabara yenye inapita ku nyumba, wanajibu: «Yeye alisoma mupaka wapi?» Mavumbi hayaulize diplome mbele ya kuingia mu kifua cha mutoto.

Na ku upande wa pili wa mutego uleule, kuna wenye tunawaamini bure juu ya jina. «Expert alisema.» Expert gani, wa kazi gani, alilipwa na nani, alipima nini, siku ngapi? Daktari wa meno ni mutu wa akili, lakini haumupeleke kupima dari ya mine.

Kutoka kwa mumoja mupaka kwa bote

Hapa nitasema polepole, juu ni jambo lenye lilitoa damu.

Wakubwa kati yetu wanakumbuka 1992 na 1993. Kazi zilikuwa zinapotea. Badala ya kuuliza kazi zinapotea juu ya nini, watu walipewa jibu mwepesi: ni Bakasai. Shefu fulani wa atelie ni Mukasai, basi Bakasai bote wamekamata kazi zetu. Waliitwa «bilulu», sawa vile wadudu. Kiisha tuliona familia zenye zilizaliwa hapa, wenye baba na babu zao walichimba hapa, wamelala ku gari la moshi la Likasi na la Kolwezi, wiki nyuma ya wiki, wakingojea treni. Watoto na wazee walikufa pale. Na kazi? Hazikurudi. Kamoto haikusimama tena juu Mukasai alifukuzwa. Shaba iliendelea kushuka.

Ile mutego inatoka kwa mumoja, inaruka mupaka kwa bote, na mu kuruka inakupitisha juu ya swali la kweli. Leo naisikia tena: «Bachinois bote ni vile.» Kama kampani fulani inalipa vibaya, taja kampani, taja kontra, taja mwezi, taja kiasi. Hiyo inspektere wa kazi anaweza kuandika. «Bachinois bote» hakuna mutu anaweza kuiandika mu karatasi, na mwenye anakulipa vibaya anafurahi kabisa ukipiga kelele juu ya taifa lake badala ya kuonyesha bilete yako ya mushahara.

Hesabu ya kweli yenye inadanganya

Hesabu inaogopesha watu, njo maana inapendwa na wenye kutega.

Chukua mufano huu wa kujifunza. Mahali fulani kuna watu 10. Tisa wanalipwa dola 300 kila mutu. Wa kumi, mukubwa wao, analipwa 7,300. Jumlisha: 2,700 na 7,300 ni 10,000. Gawa kwa 10, unapata 1,000. Kesho gazeti linaandika: «Kwetu mushahara wa katikati ni dola 1,000.» Hakuna bongo hata moja mu ile hesabu. Na hakuna hata mutu mumoja pale mwenye analipwa 1,000. Kwa hiyo ukisikia «moyenne», uliza: wengi wanapata ngapi?

Ni vile vile na ubao wenye unasema siku ngapi zimepita bila aksida. Ubao ni muzuri, tunataka namba ipande. Lakini uliza: watu wa sutretansi wanahesabiwa mundani? Kama mutu wa sutretansi akivunjika muguu inaandikwa ku kampani yake ndogo, ubao wa kampani kubwa utabaki safi, na muguu utabaki umevunjika.

Na kuna habari yenye iko moto sasa. Tarehe 22 Februari 2025 Leta ilisimamisha kobalti kutoka inchi, kiisha tangu 16 Oktoba 2025 ikaweka kota. Kwa mwaka 2026 kota ya inchi nzima ni tani 96,600, na mu 2024 tulitoa zaidi ya 200,000. Utasikia ku meza ya mazungumzo: «Tunauzisha nusu, kwa hiyo feza ni nusu, kwa hiyo prime hakuna.» Gonga hapo. Mwanzo wa 2025 tani moja ya kobalti ilikuwa karibu dola 22,000; mwisho wa mwaka ilipita 45,000. Nusu ya tani kwa bei mara mbili, feza ni ileile. Tena, kampani yako inauzisha zaidi kobalti ao shaba? Shaba haina kota. Lakini hapa pia tusiruke: kota haikugawanywa sawasawa, na kampani yenye ilipata kidogo sana ao haikupata inaweza kuwa na shida ya kweli. Jibu liko mu vitabu vya kampani yako, haliko mu kelele ya yeyote. Omba kuona tani na bei.

Ku mikutano yetu pia

Ningekuwa mwenye kutega kama ningesema mitego iko ku direksio tu. Ku mikutano ya sendika utasikia: «Mwenye hayuko na sisi, iko na patron.» Njia mbili tu, ileile ya 2003. Mutu anaweza kuwa na sisi kabisa na akaona kama greve ya leo ni mbaya, juu stoki ya mawe ya kampani ni kubwa na sisi mifuko ni tupu. Ule mutu musimuzomee. Labda njo mwenye anaokoa unga ya watoto wenu.

Utasikia pia: «Bote wanajua.» Nani amehesabu bote? Ao msemaji analia, anaonyesha mujane na watoto. Machozi ni ya kweli na mujane ni wa kweli. Lakini machozi yanatuambia kama kuna maumivu, hayatuambie nani alikosa wala dawa ni gani. Mujane anastahili zaidi ya kulilia: anastahili ripoti ya aksida, majina ya wenye waliona, na sheria ya kazi ifunguliwe ku ukurasa wenye kumuhusu.

Na mu WhatsApp utapata sauti ya mutu asiyejulikana: «Kesho wanafukuza watu 2,000, tuma kwa wenzako haraka.» Mutu mwenye iko na ukweli hana haja ya kukukimbiza. Haraka njo alama. Kama karatasi ni ya kutia mukono leo leo, ao habari ni ya kutuma sasa hivi, kuna kitu hawataki ukione kesho.

Tufanye nini?

Kwanza, kuwa na maswali machache mu kichwa sawa vile uko na kaski. Hii inajibu swali lenye tuliuliza? Njia ya tatu iko wapi? Hii ilikuja nyuma tu, ao njo sababu kweli? Wangapi, na ni nani hawakuhesabiwa? Nani anapata feza nikiamini? Fundisha watoto haya maswali ku meza, wakati wa habari za radio. Mutoto mwenye anajua kuuliza «ya tatu iko wapi» hatauzwa kirahisi.

Pili, usipimie upande mumoja. Gazeti lenye linatupenda, ligonge pia. Na ukipata mutego mu maneno ya patron, usiseme haraka kama kila kitu chenye alisema ni bongo. Mutu anaweza kusema kweli na kuitetea vibaya. Ukivunja sababu yake, umeonyesha tu kama hajaonyesha. Ungali na kazi ya kutafuta.

Tatu, na hii ni kwa madelege wenye mutaingia mu mazungumzo ya convention collective: mubebe kayé. Chora mustari katikati. Ku kushoto andika yenye wamesema, kwa maneno yao wenyewe. Ku kuume andika kitu chenye wameonyesha: karatasi, hesabu, tarehe. Ku mwisho wa mukutano soma ile kushoto kwa sauti, na uliza kwa heshima juu ya kila mahali kuume ni patupu. Fanyeni vile kwa maneno yenu pia, mbele hamujaingia, ili wasiwafanyie ninyi.

Ine, karatasi yoyote yenye inagusa kazi yako, omba kuipeleka nyumbani siku moja. Soma na bibi yako, ao na mutoto mwenye anasoma. Ukiwa hauelewe neno, usione haya, uliza maana yake mbele ya watu. 2003 watu 10,655 walitoka kwa neno moja la Kifaransa. Lilikuwa neno fupi, na mutu wa masomo ya msingi angeweza kulieleza kama tu angeulizwa.